Kuhamia HR (kazi ya kusimamia wafanyakazi) ukitoka kazi nyingine hapa Uganda: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Ujumbe ninaopata ni ule ule. Mwalimu wa praimari Iganga, keshia wa supamaketi Ntinda, supavaiza wa askari wa geti Bweyogerere, wote wimbo mmoja: nimesoma kozi ya HR, nimetuma maombi mpaka nimechoka, hata simu moja sijapigiwa. Ukichunguza unakuta wameanza sehemu moja. Walilipa kozi kwanza, wakapata seti, yaani cheti cha kozi, wakaandika kwenye CV kwamba wanapenda kufanya kazi na watu, halafu wakakaa kusubiri.

Kupenda watu ni vizuri ila hakuna bosi anayetoa mshahara kwa hilo. Bosi wa kampuni ya kawaida hapa kwetu akitafuta HR ana shida tatu kichwani: mafaili ya wafanyakazi yamevurugika, mishahara inakosewa kila mwezi, na kuna mtu alifukuzwa ovyo sasa ameenda kushtaki kwa afisa wa kazi wa serikali. Ukimuonyesha kwamba hizo tatu unaziweza, hiyo digrii yako ya ualimu hataiuliza sana. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kazi yenyewe, seti inakuja katikati, na cheo kinakuja mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Sheria ya Ajira ya 2006, pamoja na Kanuni za Ajira za 2011 na zile za unyanyasaji wa kijinsia kazini za 2012. Zinapatikana bure kwenye ULII, tovuti ya sheria za Uganda, usikubali mtu akuuzie fotokopi.
- Kompyuta, hata ya kuazima, yenye Excel. Kama huna Excel tumia Google Sheets, ni ya bure na fomula ni zile zile.
- Karatasi zako mwenyewe zikiwa sawa: vyeti, NIN (namba ya kitambulisho cha taifa), TIN (namba ya mlipa kodi), namba ya NSSF (mfuko wa akiba ya wafanyakazi). Mtu anayetaka kutunza mafaili ya wenzake halafu TIN yake hajui iko wapi, hapana jamani.
- Daftari moja la kuandika mifano ya kazi utakayofanya. Utaona faida yake hatua ya sita.
- Mtu mmoja anayefanya HR kweli kweli, ambaye unaweza kumuuliza swali kwa WhatsApp bila kumsumbua kila siku.
- Akiba kidogo. Mara nyingi unaingilia nafasi ya chini, yaani kama ulikuwa supavaiza unaweza kurudi kuwa msaidizi, na mshahara unaweza kushuka kabla haujapanda. Ongea na watu wa nyumbani mapema, usije ukawashtua.

## Hatua ya 1: Chagua mlango wako

HR ni nyumba ya vyumba vingi. Kuna kuajiri, kuna mishahara, kuna mafunzo, kuna nidhamu na migogoro, kuna usalama kazini, halafu kuna ile HR ya kampuni ndogo ambapo mtu mmoja anafanya vyote na bado anaagiza maji ya kunywa na kukagua kama dereva ameweka mafuta. Ukiomba "kazi yoyote ya HR" unashindana na kila mtu.

Angalia unatoka wapi. Mwalimu aanzie mafunzo na kupokea wafanyakazi wapya, maana kusimama mbele ya watu na kuandaa somo tayari anajua. Keshia au mtu wa akaunti aende upande wa mishahara, huko ndiko kuna upungufu wa watu makini. Nesi ana nafasi nzuri kwenye afya na usalama kazini, hasa viwandani. Supavaiza wa askari au foromani wa saiti ashike nidhamu na mahusiano kazini kwa sababu ameshakaa kwenye migogoro mingi kuliko mtu aliyesoma HR darasani miaka mitatu.

Onyo: serikalini usianzie. Nafasi za HR za wilaya zinapita kwenye tume za utumishi za wilaya, zile za wizara kwenye Public Service Commission, na pale karatasi ndiyo inakuchuja kabla mtu hajakuona uso. Kama digrii yako haiendani na tangazo, utapoteza muda. Anzia kampuni binafsi, shule, kliniki, hoteli, kiwanda, Sacco, au NGO ndogo, serikalini utarudi baadaye ukishapata karatasi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Mimi natoka kwenye kazi hii, naingia HR kupitia mlango huu, kwa sababu tayari nafanya hiki."

## Hatua ya 2: Soma sheria mpaka uweze kuitumia

Hapa ndipo wengi wanaruka, wanasema sheria ni ya mawakili. Sheria ya Ajira si ndefu sana, na HR anaifungua karibu kila wiki. Usikariri namba za vifungu maana toleo jipya la sheria zilizorekebishwa limezibadilisha, kariri kanuni yenyewe. Anza na hizi:

Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, ukijumlisha ni 21 kwa mwaka. Uzazi ni siku 60 za kazi kwa mama na mshahara kamili, baba ana siku 4 za kazi. Mgonjwa analipwa mshahara kamili mwezi wa kwanza.

Saa za kazi ni 48 kwa wiki. Zikizidi, ovataimu ni mara moja na nusu siku ya kawaida na mara mbili sikukuu ya taifa.

Muda wa majaribio hauzidi miezi 6, na unaweza kuongezwa hadi 6 mingine kama mfanyakazi mwenyewe amekubali. Kibarua hatakiwi kukaa kibarua zaidi ya miezi minne, baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Hii ya vibarua ndiyo inayowaumiza wenye viwanda vingi, mtu amekaa miaka mitatu "kibarua" halafu siku ya kuachishwa anakuja na karatasi zake.

Notisi: aliyefanya kazi zaidi ya miezi 6 lakini hajafika mwaka, wiki 2. Mwaka mpaka kabla ya miaka 5, mwezi 1. Miaka 5 mpaka kabla ya 10, miezi 2. Miaka 10 na kuendelea, miezi 3.

Kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa utendaji mbovu lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na ana haki ya kuja na mtu wake mmoja wa kukaa naye. Mwajiri akiruka hicho kikao, hata kama kosa lilikuwa la kweli, anaweza kudaiwa mshahara wa wiki nne, na hiyo ni kabla hujafika kwenye madai mengine. Mfanyakazi naye ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko yake kwa afisa wa kazi, na mambo yakikua yanaishia Mahakama ya Viwanda.

Hapo kwenye lugha msikilize vizuri, ninyi wenzangu wa Kiswahili. Kampuni za ulinzi amri zao nyingi ni za Kiswahili. Viwanda vya Namanve na Mukono vina Mteso, Msoga, Mlugbara, Mkongo, wote kwenye laini moja, na Kiingereza cha barua wengine hawakielewi. Mtu anayeweza kuendesha kikao cha nidhamu kwa Kiswahili halafu akaandika kumbukumbu zake kwa Kiingereza safi ni mali. Iandike hiyo, usiione kama kitu kidogo.

Jipime hivi: rafiki akikuambia "nimefanya kazi miaka mitatu, bosi ameniambia kesho nisirudi", unaweza kumjibu bila kufungua simu, ana haki gani na anaanzia wapi. Ukijikwaa, rudi ukasome.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya mshahara kwa mkono wako

Hata kama hutaki upande wa mishahara, hii huikwepi. Mfanyakazi haulizi maono ya kampuni, anauliza kwa nini mwezi huu zimepungua elfu ishirini.

Makato makubwa ni mawili. NSSF: mfanyakazi anakatwa asilimia 5, mwajiri anaongeza 10 kutoka mfukoni mwake, jumla 15, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anatakiwa kuchangia. PAYE, yaani kodi ya mshahara inayokwenda URA (mamlaka ya mapato), inakwenda kwa ngazi, na ngazi ambazo tumezitumia tangu 2012 kwa mwezi ni hizi: mpaka 235,000 hakuna kodi, kutoka hapo mpaka 335,000 ni asilimia 10 ya kilichozidi, mpaka 410,000 ni 10,000 jumlisha asilimia 20 ya kilichozidi 335,000, juu ya hapo ni 25,000 jumlisha asilimia 30 ya kilichozidi 410,000. Wenye zaidi ya milioni 10 wanaongezewa asilimia 10 kwenye hicho kilichozidi milioni 10, ila hao si wa kukusumbua mwanzoni.

Twende na mtu wa milioni moja. 1,000,000 toa 410,000 inabaki 590,000. Asilimia 30 yake ni 177,000. Jumlisha 25,000, PAYE ni 202,000. NSSF yake ni 50,000. Anapokea mkononi 748,000. Mwajiri bado anaongeza NSSF 100,000, kwa hiyo huyu mtu wa milioni moja anaigharimu kampuni 1,100,000. Ukimwambia bosi hiyo namba ya mwisho bila kuulizwa ataanza kukuangalia tofauti.

Angalia pia: makato yote mawili yanapigwa kwenye ile milioni nzima. Wengi wanatoa NSSF kwanza halafu wanapiga PAYE kwenye kilichobaki, wanapata kodi ndogo, URA wakija kukagua kampuni inalipa tofauti na faini.

Sasa weka kwenye Excel. Mshahara uko A2, andika hivi B2:

=IF(A2<=235000,0,IF(A2<=335000,(A2-235000)*10%,IF(A2<=410000,10000+(A2-335000)*20%,25000+(A2-410000)*30%)))

Ikikataa, jaribu kubadilisha koma ziwe nukta mkato, kompyuta zingine ziko hivyo.

Hiyo inatoa PAYE tu; mkononi ni mshahara toa PAYE toa NSSF ya asilimia 5. Jaribu fomula yako kwa mishahara mitatu. 300,000 itoe PAYE 6,500 na mkononi 278,500. 400,000 itoe PAYE 23,000 na mkononi 357,000. 1,000,000 itoe PAYE 202,000 na mkononi 748,000. Zikikubali zote, umefaulu.

Maonyo mawili. Kuanzia Julai mpaka Oktoba kuna kodi ya huduma ya mitaa, LST, inayokatwa kwa mafungu manne na mwaka mzima haizidi 100,000, kwa hiyo miezi hiyo watu watakuja mlangoni kwako na payslipu mkononi, jiandae kueleza. Na kila Juni bajeti ikisomwa angalia kama ngazi zimeguswa kabla ya kulipa mshahara wa Julai. PAYE na NSSF zote mwisho ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

## Hatua ya 4: Sasa karatasi, moja tu

Hapa naenda haraka kwa sababu watu wanapenda kukaa sana. Kama una digrii ya kitu kingine, diploma ya uzamili ya HR kutoka Uganda Management Institute inakubalika vizuri. Kama huna digrii kabisa na una muda, chuo cha biashara cha MUBS pale Nakawa wana digrii ya HR. Kama unataka kitu cha kimataifa, HRCI ya Marekani wana mtihani wa aPHR usiodai uzoefu wa kazi, na CIPD ya Uingereza ina ngazi ya 3 kwa wanaoanza. Bei za hizi za nje ni za dola na pauni, piga hesabu na ada ya mtihani kabla ya kujiandikisha, usianze kozi ambayo mtihani wake hutaweza kulipia. Ulizia pia uanachama wa HRMAU, chama cha mameneja wa HR hapa Uganda, pale ndipo utakutana na watu wanaoajiri.

Seti tano za wikendi kutoka mahali ambapo hakuna aliyepasikia hazifikii moja ya maana. Na usisubiri umalize ndiyo uende hatua ya tano, zifanye zote mbili pamoja.

## Hatua ya 5: Fanya HR pale ulipo sasa

Hii ndiyo hatua yenyewe. Kazi unayoitoroka ndiyo itakupa uzoefu wa kwanza.

Nenda kwa bosi wako na ombi dogo linaloshikika. Usimwambie "nataka kuhamia HR", atasikia "nataka kuondoka". Mwambie hivi: "Mukubwa, nimeona mafaili ya wafanyakazi mengine hayana mikataba. Naomba nikae nayo Jumamosi mbili nikuandikie kinachokosekana." Ni vigumu mtu kukataa hiyo, ni kazi ya bure na inamtisha kidogo.

Kila faili likague vitu hivi: barua ya maombi na vyeti, nakala ya kitambulisho cha NIN, TIN, namba ya NSSF, barua ya ajira au mkataba uliosainiwa pande zote mbili, jina la ndugu wa karibu na simu yake, akaunti ya benki au namba ya mobaili mani, rekodi ya likizo, na barua zozote za onyo au pongezi. Kila karatasi ipewe namba pembeni juu, ya kwanza 1, inayofuata 2, kwa mpangilio wa tarehe, zifungwe na uzi wa faili. Sababu ni hii: karatasi ikichomolewa namba inaruka, 14 halafu 16, na kila mtu anajua kuna kitu kimetolewa. Faili lisilo na namba mbele ya afisa wa kazi halina nguvu.

Matokeo yaandike kwenye jedwali la ukurasa mmoja. Jina, kinachokosekana, nani alete, lini. Hilo jedwali, ukishafuta majina, ni ushahidi wako wa kwanza.

Ukimaliza mafaili omba daftari la likizo. Halafu omba kuwapokea wafanyakazi wapya siku yao ya kwanza. Halafu, kama kuna kikao cha nidhamu, omba kuwa mwandishi wa kumbukumbu. Usiombe vyote siku moja.

Na kama huna kazi kabisa? Tafuta mahali penye watu kumi mpaka thelathini ambapo hakuna HR: shule binafsi, kliniki, Sacco, kanisa lenye nasari, msikiti wenye shule. Jitolee siku moja kwa wiki, kwa makubaliano ya maandishi yenye mwanzo na mwisho, vinginevyo watakufanya mesenja.

Onyo kubwa: mafaili ya watu si mali yako. Kuna Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya 2019. Usipige picha na simu yako, usijitumie kwenye imeili yako, usiende kumwambia mtu kwenye taxi kwamba fulani analipwa laki nane. Mtu wa HR akishajulikana ana mdomo, amekwisha, na Kampala hii ni ndogo.

## Hatua ya 6: Jifunze kuandika kama HR

Ustadi unaotofautisha watu kabisa ni huu na hakuna anayeufundisha. HR anaandika kilichotokea, hukumu anaiweka pembeni mpaka mtu asikilizwe.

Tuseme askari ameacha geti usiku. Barua ya kumtaka ajieleze, ile mbaya inayoandikwa sehemu nyingi, inakwenda hivi:

"Umekuwa mvivu na mtu wa kutojali kazi. Tabia yako imezidi. Jieleze kwa nini usifukuzwe."

Hapo tayari umeshamhukumu. Akienda kushtaki atasema kikao kilikuwa cha kuigiza, na atakuwa sawa. Iandike hivi:

"Tarehe 4 Machi, saa 8 usiku, msimamizi wa zamu alipofika geti namba 2 hakukukuta. Alikungoja dakika 40. Daftari la zamu linaonyesha ulisaini kuingia saa 12 jioni na hakuna sahihi ya kutoka. Unaombwa kueleza kwa maandishi ulikuwa wapi, kabla ya tarehe 8 Machi saa 10 jioni."

Tarehe, saa, mahali, nani aliona, ushahidi gani, na mtu amepewa muda wa kujibu. Hakuna tusi hata moja, na ni nzito kuliko ile ya kwanza.

Kuwa makini na saa ukipeleka kwenye Kiingereza. Askari anakuambia "saa nane usiku", we unaandika 8:00 p.m., wakati ni 2:00 a.m. Siku ya kesi zamu haiendani na maelezo, wakili wake anacheka tu. Fanya zoezi hili kwenye daftari lako: kila tukio la kazini wiki hii liandike kwa sentensi tano bila neno la kumsifu mtu wala la kumlaumu. Mpe mwenzako asome, akishindwa kujua ulikuwa upande wa nani, umeiva.

Jua pia adhabu ndogo kama onyo zina muda wake. Sheria inampa mwajiri siku 15 tangu ajue kosa, akikaa kimya zikapita anahesabiwa amesamehe. Mameneja wengi hawalijui hilo, wanatunza makosa ya mwaka mzima wayatoe siku wamekasirika.

## Hatua ya 7: Andika CV upya

Usibadilishe cheo chako cha zamani. Ulikuwa mwalimu, andika mwalimu, watapiga simu kuuliza. Badilisha mistari iliyo chini yake.

Badala ya "nilifundisha darasa la P5", andika "niliandaa na kuendesha mafunzo ya walimu wapya wanne kila muhula, na kutunza daftari la mahudhurio la walimu wote". Badala ya "nilisimamia askari", andika "nilipanga zamu za askari 22 kwenye saiti tatu, nikaandika ripoti za matukio zilizotumika kwenye vikao vya nidhamu". Weka namba za kweli za kwako, usichukue zangu.

Juu kabisa weka ile sentensi yako ya hatua ya 1. Chini yake weka vitu vitatu ulivyofanya: ukaguzi wa mafaili, hesabu ya mishahara, kumbukumbu za vikao. Lugha zako zote ziandike, Kiswahili kiwe pale, na useme unakitumia kufanya nini.

Barua ya maombi iwe nusu ukurasa. Ile ya "I humbly and kindly" yenye ukurasa mzima wa shukrani, iache.

Na jamani, usilipe pesa kupata kazi. Mtu akikuomba "ya faili", "ya medikali", "ya kumshukuru HR", ondoka. Wewe mwenyewe unaingia kwenye HR, ukianza kwa kununua nafasi utawezaje kuwakatalia watakaokuja kwako na bahasha?

## Hatua ya 8: Intavyuu

Swali la kwanza litakuwa kwa nini unaacha kazi yako. Jibu fupi, bila kuwasema vibaya waajiri wako wa zamani, maana anayekusikiliza anajiwazia yeye ndiye atakayefuata kusemwa.

Halafu watakupa kesi. "Mfanyakazi ameiba, tumemkamata kwa kamera, bosi anataka aondoke leo. Utafanya nini?" Hapa ndipo wengi wanaanguka, wanataka kuonekana wakali. Jibu linalotakiwa linakwenda kwa utaratibu: namtoa kazini kwa muda kupisha uchunguzi, ambao sheria inaruhusu kwa nusu mshahara na usizidi wiki nne, nahifadhi video, namwandikia barua ya kujieleza, namwita kwenye kikao na mtu wake, ndipo uamuzi. Halafu ongeza kwamba bosi unamweleza faida yake: kikao cha siku chache ni rahisi kuliko kesi.

Wakikuuliza mshahara unaotaka, taja wa kabla ya makato na useme hivyo. Ukitaja wa mkononi bila kufafanua, mbele ya paneli ya HR, umejiumbua.

Ukipigiwa kwa intavyuu tatu na hupati, shida iko kwenye majibu, rudi hatua ya 2 na ya 6. Kama hupigiwi simu kabisa, shida ni CV au mlango uliochagua.

## Hatua ya 9: Miezi ya majaribio

Umeingia, hongera. Usibadilishe kitu mwezi wa kwanza. Soma mafaili yote, jua mishahara inapitia kwa nani mpaka ifike benki, jua nani hasa anaamua, kwa sababu aliyeandikwa kwenye chati ya ofisi na anayeamua mara nyingi ni watu wawili tofauti. Angalia kama kampuni ina zaidi ya wafanyakazi 25, ikiwa nao inatakiwa kuwa na utaratibu wa kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, na sehemu nyingi utakuta hakuna. Hiyo ni kazi nzuri ya kwanza ya kumpelekea meneja.

Utapoteza marafiki wa chakula cha mchana. Ukiketi mezani mazungumzo yanabadilika, zoea. Mfanyakazi akikuomba "hii ibaki kati yetu", usiahidi kabla hujasikia, mwambie wazi kuna mambo ukishayajua lazima uyafikishe juu, halafu yeye mwenyewe aamue kama anaendelea.

Mshahara wa kwanza utakaoushughulikia wewe, upitie mara mbili, mara ya pili ukianzia chini ya orodha kwenda juu, macho yanakamata vitu ambavyo kwenye mpangilio wa kawaida yanaruka.

Na miezi sita ikikaribia, fungua faili lako mwenyewe. Mkataba uliosainiwa upo? Nakala ya NIN? Barua ya kuthibitishwa kazini nani anaiandaa na lini? Utashangaa ni maafisa wangapi wa HR wanaokimbiza mikataba ya kampuni nzima wakati faili lao wenyewe lina CV na picha ya pasipoti tu.